Kuhudhuria Misa Mara Nyingi Zaidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya Mkatoliki wa riti ya Kilatini ambaye Dominika hufika kanisani na sasa anataka kuongeza siku. Tumeanza na yale ambayo Kanisa linadai, kwa sababu wengi hukwama hapo: wanachanganya lililoamriwa na lililoshauriwa, kisha wanaingiwa na hofu mahali pasipo na hofu.

Kanisa linanidai Misa ngapi?

Dominika zote, pamoja na sikukuu zilizoamriwa. Ndivyo inavyosema kanuni ya 1247 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983. Kanuni ya 1246 inataja sikukuu kumi za namna hiyo, zikiwemo Noeli, Epifania, Kupaa kwa Bwana, Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria na Watakatifu Wote. Lakini baraza la maaskofu la nchi, kwa kibali cha Kiti Kitakatifu, linaweza kufuta baadhi yake au kuzihamishia Dominika. Kwa hiyo usichukue orodha ya nchi nyingine ukaifanya yako, muulize paroko.

Anayekosa Misa hizo kwa makusudi, bila sababu nzito, anatenda dhambi kubwa. Sababu nzito ni kama ugonjwa, kumwuguza mtu, kulea mtoto mchanga, zamu ya kazi usiyoweza kuikwepa, au kukosekana kwa padre karibu. Paroko naye anaweza kutoa ruhusa kwa sababu ya haki. Uvivu na wageni wa chakula cha mchana havimo.

Komunyo ina amri yake mbali: angalau mara moja kwa mwaka, katika kipindi cha Pasaka. Amri hiyo ilitolewa na Mtaguso wa Nne wa Laterani mwaka 1215, wakati ambapo waamini wengi walikuwa wameacha kabisa kukomunika.

Misa za Jumatatu hadi Jumamosi, nje ya sikukuu zilizoamriwa, hazidaiwi na amri yoyote. Ukizikosa hujatenda dhambi na huna la kuungama.

Kama hazidaiwi, kwa nini niongeze?

Kwa sababu amri ni kiwango cha chini cha kukufanya usife njaa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ulitamani waamini wapokee Komunyo katika kila Misa wanayohudhuria. Desemba 1905, Papa Pio wa Kumi aliidhinisha hati iliyofungua wazi mlango wa Komunyo ya mara kwa mara, hata ya kila siku, kwa kila mwamini. Kabla ya hapo, hasa Ufaransa ya karne ya 17 ambako mafundisho ya wafuasi wa Jansenius yalienea, watu waliaminishwa kwamba ni lazima uwe karibu mtakatifu ndipo uthubutu kuisogelea meza ya Bwana. Hati ile ilitaka mambo mawili tu: hali ya neema na nia safi. Nia safi maana yake huendi kwa mazoea, wala kwa kutaka kuonekana, bali kumpendeza Mungu, kuungana naye na kutafuta dawa ya udhaifu wako.

Matunda yenyewe Katekisimu inayataja bila kuzungukazunguka: Ekaristi inatuunganisha na Kristo, inafuta dhambi ndogo, inatukinga na dhambi kubwa za baadaye, inatuunganisha na Kanisa na inatuwajibisha kwa maskini. Hilo la mwisho lisikupite. Mtu anayekwenda Misa kila siku huku jirani yake analala njaa, tena anajua, ameacha kitu muhimu kanisani.

Nianzie wapi?

Anza na siku moja ya juma. Moja tu. Anayetoka Dominika peke yake akarukia Misa za siku sita mfululizo ni kama mgonjwa anayemeza dozi ya juma zima kwa siku moja, na kwa kawaida baada ya majuma mawili au matatu anakuwa amechoka, amechelewa kazini, amegombana na watu wa nyumbani, na ameacha kabisa.

Kwanza, pata ratiba sahihi. Ratiba iliyobandikwa mlangoni au iliyowekwa kwenye intaneti mara nyingi imepitwa na wakati, basi hakikisha ofisini kwa parokia au kwa katekista. Ulizia pia siku ambayo mapadre hupumzika, na kama siku fulani Misa huhamishiwa kituo kingine. Andika na ratiba ya parokia jirani; siku moja itakufaa.

Pili, chagua siku kwa kuangalia maisha yako, usiangalie ibada peke yake. Siku nzuri ni ile ambayo kuchelewa dakika ishirini hakuharibu kazi ya mtu. Kama asubuhi yako ni ya kuandaa watoto, tafuta Misa ya jioni. Wengi huchagua Ijumaa kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, au Jumamosi kwa ajili ya Bikira Maria. Hiyo ni sababu nzuri, mradi ratiba inaruhusu. Ukiona siku moja kwa juma bado ni nzito, anza na Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, desturi iliyoenezwa kutokana na njozi za Mtakatifu Margareta Maria Alacoque katika karne ya 17.

Tatu, pima safari halisi. Hesabu muda wa kutoka mlangoni pako hadi kukaa kwenye benchi, na uongeze dakika kumi. Hizo kumi ndizo zinazogeuza kufika kuwa kusali.

Nne, maandalizi yafanyike jana yake: nguo, sadaka, masomo, na muda wa kulala. Misa ya alfajiri hupotea usiku, mtu anapokaa na simu hadi saa sita.

Kaa na siku hiyo moja miezi miwili kabla ya kufikiria nyingine.

Misa ya siku ya kawaida inatofautianaje na ya Dominika?

Ni Misa ile ile na sadaka ile ile. Kinachopungua ni baadhi ya sehemu. Hakuna Utukufu wala Nasadiki. Kuna somo moja, zaburi, shangilio na Injili. Somo la pili halipo. Mahubiri si ya lazima, ingawa yanapendekezwa, hasa siku za Majilio, Kwaresima na Pasaka, na padre akihubiri huwa dakika tatu hadi tano. Nyimbo ni chache au hazipo. Kwa ujumla inachukua dakika 25 hadi 40.

Siku zenye hadhi hubadilisha mpangilio huo. *Kumbukumbu* ya mtakatifu haiongezi Utukufu. *Sikukuu*, kama za mitume, ina Utukufu. *Sherehe*, kama ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi, ina Utukufu, Nasadiki na masomo mawili kabla ya Injili. Ukijua hili hutashtuka watu wakianza kuimba Utukufu Jumatano.

Anayezoea kwaya kubwa ya Dominika anaweza kuona Misa ya siku ya kazi imepoa. Ipe Misa hiyo muda. Ukimya ule ndio wengi hurudi kuutafuta.

Masomo yanapangwaje, nami nijiandaeje?

Hapa ndipo penye faida kubwa zaidi, na ndipo wengi wanapoiacha mezani.

Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A husoma hasa Mathayo, Mwaka B Marko pamoja na sura ya sita ya Yohane, na Mwaka C Luka. Mwaka unaogawanyika kwa tatu bila baki ni Mwaka C. 2025 ulikuwa hivyo. Kumbuka mwaka wa liturujia unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, hauanzi Januari.

Siku za juma zina mpango mwingine. Katika Kipindi cha Kawaida, somo la kwanza lina mizunguko miwili: Mwaka I kwa miaka ya witiri, Mwaka II kwa miaka ya shufwa. Injili ni ile ile kila mwaka: Marko kuanzia juma la 1 hadi la 9, Mathayo kuanzia la 10 hadi la 21, Luka kuanzia la 22 hadi la 34. Katika Kipindi cha Pasaka husomwa Matendo ya Mitume, na Injili nyingi hutoka kwa Yohane.

Maana yake kwa mtu wa siku moja ni kwamba atasikia vipande. Akienda kila Jumatano, simulizi lililoanza Jumatatu litamkuta katikati. Dawa yake ni kusoma nyumbani Injili za siku zilizokosekana, hata kama huendi kanisani. Dakika tano zinatosha. Ndani ya miezi kadhaa utakuwa umefuata Injili nzima kwa mtiririko wake, jambo ambalo Dominika peke yake haliwezi kukupa kwa haraka hiyo.

Jioni kabla ya Misa fanya hivi. Soma Injili ya kesho mara mbili, ya pili polepole. Chagua neno au tendo moja lililokugusa au lililokukwaza; la kukwaza mara nyingi lina kazi zaidi. Kisha taja nia moja utakayokwenda nayo: mgonjwa fulani, deni, ugomvi, shukrani. Moja inatosha. Mwenye nia kumi na tano huishia kukariri orodha wakati wa Mageuzo.

Saumu ya saa moja inahesabiwaje?

Inahesabiwa hadi Komunyo, si hadi mwanzo wa Misa. Kanuni ya 919 inataka mtu ajizuie chakula na kinywaji kwa saa moja kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa. Chai, kahawa, maziwa na soda vinavunja saumu. Maji matupu hayavunji.

Mfano: Misa ya saa 12:30 asubuhi siku ya kazi, Komunyo huwa karibu saa 12:50. Uwe umemaliza kula kabla ya saa 11:50 alfajiri. Dominika, kwa Misa ya saa 3:00 yenye mahubiri marefu, Komunyo inaweza kufika saa 4:00 au zaidi, kwa hiyo aliyemaliza chai saa 2:45 bado yuko ndani ya sheria. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi na saa hiyo, hata kama wamekula muda mfupi kabla.

Kanuni hii ilikuwa nzito zaidi zamani: mtu alifunga tangu usiku wa manane. Pio wa Kumi na Mbili aliilegeza mwaka 1953 na tena 1957, na Paulo wa Sita akaifikisha saa moja mwaka 1964.

Nikienda mara nyingi, niungame mara ngapi?

Amri inadai kuungama dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka. Lakini anayejitambua kuwa na dhambi kubwa asipokee Komunyo kabla ya kitubio, iwe ni siku ya pili tu tangu aungame. Kanuni ya 916 inaacha mlango mwembamba: pakiwa na sababu nzito ya kupokea na hakuna nafasi ya kuungama, mtu afanye majuto kamili, ambayo ndani yake mna nia ya kuungama mapema iwezekanavyo. "Watu wataniona nimebaki kwenye benchi" haihesabiki kuwa sababu nzito.

Kwa dhambi ndogo hakuna kizuizi. Kuomba toba mwanzoni mwa Misa kwa moyo wa kweli, na Komunyo yenyewe, huzifuta. Hata hivyo kwa mtu anayepokea kila juma au zaidi, kitubio cha kila mwezi ni mwendo mzuri. Bila hicho, Komunyo nyingi huanza kuwa foleni tu. Uliza padre anakaa lini kwenye kiti cha maungamo. Usimvizie sakristia dakika mbili kabla ya Misa.

Na tuongeze hili: anayebaki kwenye benchi asiulizwe kwa nini. Huenda amekula nusu saa iliyopita.

Siruhusiwi kupokea kwa sababu ya hali ya ndoa yangu. Nina haja gani ya kuhudhuria?

Haja kubwa. Kutopokea Komunyo hakukuondoi katika wajibu wa Dominika wala katika Kanisa. Katekisimu inawahimiza wazi walio katika hali hiyo wasikilize Neno la Mungu, wahudhurie sadaka ya Misa, wadumu katika sala na matendo ya huruma, na wawalee watoto wao katika imani.

Wakati wengine wanapokea, fanya Komunyo ya kiroho: kiri kwamba Yesu yupo kweli katika Ekaristi, mwambie unatamani kumpokea, mwombe aje moyoni kwa namna anayoijua yeye, kisha nyamaza. Halafu usiishie hapo. Mwone paroko ukiwa na vyeti ulivyo navyo. Kuna ndoa ambazo hazijabarikiwa kwa sababu tu hakuna aliyefuatilia, na kuna ndoa za awali ambazo mahakama ya Kanisa ya jimbo inaweza kuchunguza kama zilikuwa halali tangu mwanzo. Watu hukaa miaka mingi nje ya meza kwa jambo ambalo lingeanza kufumbuliwa kwa mazungumzo ya nusu saa.

Ninaweza kupokea Komunyo mara mbili kwa siku?

Ndiyo, mradi ya pili iwe ndani ya Misa unayoishiriki. Kama ulikuwa Misa ya asubuhi na jioni kuna Misa ya mazishi, unaweza kupokea tena. Mara ya tatu hairuhusiwi. Ufafanuzi wa Kiti Kitakatifu wa mwaka 1984 uliweka kikomo kuwa mara mbili. Aliye katika hatari ya kufa anaweza kupewa Komunyo ya masurufu hata kama ameshakomunika siku hiyo.

Misa ya Jumamosi jioni inatosha kwa Dominika?

Inatosha. Kanuni ya 1248 inasema wajibu unatimizwa siku yenyewe au jioni ya siku iliyotangulia, katika adhimisho lolote la riti ya Kikatoliki. Hata kama Jumamosi jioni masomo yaliyotumika ni ya harusi, wajibu umetimizwa. Misa ya Jumamosi asubuhi, hapana.

Nimechelewa. Misa inahesabika?

Wapo wanaosema ukiwahi matoleo umewahi Misa. Usemi huo ulitoka kwa wanateolojia wa maadili wa zamani, na hauendani na mafundisho ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliosema kwamba Liturujia ya Neno na Liturujia ya Ekaristi zimeungana hata kuwa tendo moja la ibada. Sheria ya sasa haitaji dakika. Inataka ushiriki Misa, na Misa huanza na maandamano ya kuingia hadi kuagwa na padre.

Kwa hiyo tofautisha sababu. Gari likiharibika ukaingia Injili inasomwa, kaa, shiriki, pokea kama uko tayari, usijitese. Anayechelewa robo saa kila Dominika ana tatizo la saa ya kuondoka nyumbani, na hilo linatibika. Kuondoka mara baada ya Komunyo ni ugonjwa ule ule kwa upande wa pili.

Misa ya redio, runinga au intaneti je?

Kwa mgonjwa, mzee asiyetoka, au mtu aliyezuiwa kwa kweli, ni msaada mzuri wa sala, naye hana wajibu unaomdai. Kwa mzima anayeweza kufika, haitimizi wajibu wa Dominika. Sakramenti hazipokelewi kwa skrini. Mgonjwa asiishie kutazama tu: aombe parokia imletee Komunyo nyumbani.

Mawazo yangu yanatangatanga. Nifanyeje?

Mawazo kuingia si dhambi. Kuyakaribisha na kuyapa kiti ndiko kwenye shida. Kinachosaidia ni kujua mahali pa kurudi. Liturujia yenyewe ina vituo vya ukimya: wakati wa kuomba toba, baada ya padre kusema "Tuombe", baada ya mahubiri, na baada ya Komunyo. Vitumie. Padre akisema "Tuombe", usingoje sala yake. Taja nia yako kimyakimya, maana sala inayofuata inakusanya za wote.

Kituo kingine ni matoleo. Mkate na divai vinapowekwa altareni, weka pale na juma lako: kazi, uchovu, yule mtu usiyemwelewa. Padre anapowaalika wote wasali ili sadaka yake na yenu ikubaliwe, hilo neno "yenu" ndilo nafasi yako. Asiyeweka kitu hapo hukuta Mageuzo yamepita kama tangazo.

Mambo madogo nayo yana uzito. Zima simu kabisa, kwa sababu hata ya mtetemo inakuita. Kaa mbele, benchi tatu za kwanza, usiwe na migongo arobaini ya kutazama. Itikia kwa sauti inayosikika. Ukishika kitabu cha masomo, kifunge wakati Injili inasomwa na umsikilize msomaji.

Baada ya Komunyo nifanye nini?

Hapa ndipo, kwa maoni yetu, ukuaji unapofanyika au kupotea. Watu wawili wanaweza kuhudhuria Misa zile zile kwa mwaka mzima, mmoja akabadilika na mwingine akabaki vile vile, na mara nyingi tofauti iko katika dakika hizi kumi.

Kristo yupo katika Ekaristi kwa muda wote maumbo ya mkate na divai yanapodumu, kwa hiyo wakati huo hamna haja ya maneno mengi. Ukirudi mahali pako, mshukuru kwa jambo moja la jana ukilitaja kwa jina lake. Mwombee yule wa nia uliyokuja nayo. Kisha rudi kwenye neno la Injili ulilochagua jioni na ulifanye kuwa tendo la leo lenye mtu na saa: "Leo mchana nitampigia simu dada yangu." Maazimio ya jumla, kama kuwa mvumilivu zaidi, hayafiki hata getini.

Misa ikiisha, kaa dakika tano zaidi. Kama unakimbilia kazini, zifanye njiani, bila redio wala simu.

Nahudhuria mara kwa mara lakini sihisi chochote.

Sakramenti haifanyi kazi kwa kipimo cha hisia. Neema inatolewa na Kristo mwenyewe anayetenda. Hisia zinakuja na kuondoka, na zinategemea hata usingizi wa jana. Ukavu ukikupata, kagua mambo matatu: je, kuna dhambi unayoilea na hutaki kuigusa? Je, maandalizi ya jioni yamekufa? Je, umechoka tu kimwili? Kama yote hayo yako sawa, endelea bila kuongeza wala kupunguza.

Pima kwa matunda yanayoonekana. Unasamehe haraka zaidi? Ulimi umepungua makali? Umewahi kuacha jambo baya kwa sababu kesho unakwenda kupokea? Waulize wa nyumbani, wao ndio mashahidi.

Mwenzi wangu analalamika kwamba namwachia kazi zote.

Msikilize, huenda ana haki. Misa ya siku ya kazi ni hiari. Kumlisha mtoto asubuhi si hiari. Zungumzeni kabla ya kuchagua siku, na ikibidi mpokezane: huyu Jumanne, yule Alhamisi. Ukirudi kutoka kanisani umekasirika kwa sababu chai haijawekwa, umewapa wa nyumbani sababu ya kuichukia Misa yako.

Watoto usiwaburute kila siku. Dominika ni ya wote. Siku za kazi, mchukue mmoja anayetaka, akae mbele anapoona altare, na umnong'oneze kinachoendelea. Mwaka 1910 Pio wa Kumi aliruhusu Komunyo ya kwanza tangu umri wa kupambanua mambo, yapata miaka saba, kwa hiyo usidhani mtoto ni mdogo mno kuelewa. Carlo Acutis, kijana Mwitalia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba 2025, alianza kwenda Misa kila siku baada ya Komunyo yake ya kwanza, katika nyumba ambayo wazazi hawakuwa watu wa kanisani sana.

Nimekosa siku niliyojipangia. Nimevunja ahadi kwa Mungu?

Kupanga si kuweka nadhiri. Nadhiri ni ahadi iliyofanywa kwa Mungu kwa kukusudia na kwa hiari, na usiiweke bila kushauriana na padre. Ukikosa Jumatano, nenda Jumatano ijayo. Usilipize kwa kwenda mara tatu juma linalofuata. Ukianza kuhesabu madeni, utakuwa unatunza daftari.

Anayekosa usingizi kwa sababu ya Misa ya hiari aliyoikosa azungumze na muungamishi mmoja, asibadilishebadilishe, na afuate anachoambiwa.

Kwetu padre hafiki kila juma.

Dominika bila padre, kanuni ya 1248 inashauri kwa mkazo ushiriki Liturujia ya Neno inayoongozwa katika kanisa au mahali pengine patakatifu kwa utaratibu wa askofu, au usali kwa muda wa kutosha peke yako, na familia au na kikundi cha familia. Siku za juma, Masifu ya asubuhi pamoja na masomo ya siku yanakuweka katika mwendo mmoja na Kanisa zima. Kama kuna tabernakulo, nusu saa mbele yake ina thamani kubwa. Mwaka 304, huko Abitinae Afrika ya Kaskazini, Wakristo 49 waliokamatwa kwa kukusanyika Dominika walimjibu hakimu kwamba hawawezi kuishi bila adhimisho la Bwana. Wanaosafiri mbali mara moja kwa mwezi kuifuata Misa wanawaelewa vizuri.

Kuna siku ambazo hakuna Misa kabisa?

Ijumaa Kuu, ambapo kuna Ibada ya Mateso ya Bwana na Komunyo hutolewa kwa hostia zilizogeuzwa Alhamisi Kuu. Jumamosi Kuu vilevile, hadi Mkesha wa Pasaka usiku. Alhamisi Kuu hakuna Misa ya kawaida ya asubuhi: kuna Misa ya Krisma, ambayo kwa kawaida huongozwa na askofu katika kanisa kuu, na jioni Misa ya Karamu ya Bwana. Siku zako zikiangukia hapo, badilisha mpango.

Niongeze siku ya pili lini?

Ukiona ile ya kwanza haihitaji tena nguvu: unaamka bila kujadiliana na kitanda, masomo umeyasoma, shukrani huiruki, na nyumbani hakuna anayelipa gharama yake. Kama kimojawapo kinayumba, kiimarishe kwanza. Kwaresima na Majilio ni vipindi vizuri vya kujaribu siku ya pili, kwa sababu vina mwisho unaojulikana. Baada ya Pasaka au Noeli utaamua kama uiendeleze. Siku hizo mbili zisifuatane. Jumanne na Ijumaa, kwa mfano, zinaligawa juma vizuri pamoja na Dominika. Kuhusu Misa ya kila siku, zungumza kwanza na muungamishi wako, umweleze kazi yako, afya yako na familia yako, maana ile hati ya 1905 yenyewe inashauri shauri lake liombwe.